Nanaa Imezidi

Asubuhi ile ya Jumamosi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jikoni nachambua nanaa. Bibi Deolinda, mama yake baba, alikuwa anatimiza miaka themanini, na kwetu sisi tuliotoka visiwa vya Azori sherehe si sherehe bila supu ya nyama iliyomwagwa juu ya mkate na nanaa. Nyumba ilikuwa imetulia. Halafu baba akakohoa.

Jamani, nyie wa mji huu mnaijua Agosti. Mashine zinatikisa milozi lozi zianguke chini, vumbi linatanda mpaka kwenye nguo zilizoanikwa kambani, na kila mtu anakohoa. Baba yangu, Norberto, ndiye anaendesha mashine ya kufagia lozi. Kwa hiyo nilipomwambia anakohoa tangu Alhamisi, alicheka.

"Idalina, mimi nakohoa kila Agosti tangu hujazaliwa. Au unataka unitangazie dharura kifuani?"

Hiyo dharura ilikuwa imemkaa kooni. Mwezi Machi baraza la mji lilitangaza hali ya dharura kwa ajili ya korona, watu wasikusanyike, na kila ikikaribia kuisha, wanaiongeza. Safari hii ilikuwa iishe Ijumaa, tarehe ishirini na nane. Baba akaizungushia wino mwekundu kwenye kalenda, akaalika watu thelathini kesho yake. Jumanne baraza likakutana kwa kompyuta, likaongeza siku sitini. Baba akapiga simu kutoa maoni, maana kila mtu anapewa dakika tatu. Zote alizimaliza kuwauliza kama na mama yake asubiri siku sitini ndipo atimize themanini. Karani akamwambia asante, muda wako umekwisha.

"Muda wangu unaisha, wa kwao hauishi," baba alisema. Sherehe hakuiahirisha.

Basi Jumamosi hiyo mama akaonja supu, akakunja uso. Akasema nanaa imezidi, imekuwa chungu kama dawa. Baba akainama juu ya sufuria, mvuke ukampiga puani.

"Mbona mimi siisikii kabisa? Ongeza."

Mama akaniangalia. Sote tulishasikia kwenye taarifa kwamba mtu akipotewa na harufu, ndiyo hiyo korona. Mimi, ambaye mwalimu akitaja jina langu kwenye darasa la kompyuta nazima kamera, nikafungua mdomo.

"Baba, harufu..."

"Vumbi limeniziba pua, basi."

Nikarudi kwenye majani yangu. Baba akatia konzi nyingine ya nanaa. Watu walipojaa, akamkumbatia mama yake na kumlisha kijiko cha kwanza kwa mkono wake. Bibi akatafuna, akauliza, "Norberto, majani yote haya, umealika mbuzi?" Wote wakacheka. Hata mimi.

Siku tano baadaye majibu ya baba yakatoka: anayo. Siku ya nane Bibi akabebwa kupelekwa hospitali akiwa hawezi kuhema. Leo ni siku ya kumi na saba yuko kwenye mashine ya kupumulia, na haturuhusiwi kuingia. Baba anashinda ndani ya gari nje ya hospitali, anaangalia madirisha. Hajui lipi ni la mama yake.

FUNZO

Tarehe ya baraza si tarehe ya ugonjwa. Virusi havina kalenda ukutani. Baraza likiongeza siku, si kwamba linakuchezea, ni kwamba ugonjwa bado upo, na hata lisingeongeza ungekuwepo. Kasirika ukitaka, piga simu ukitaka, lakini ukikohoa kaa mbali na mama yako, liwe vumbi lisiwe vumbi. Na wewe mwenye haya kama mimi, ukianza kusema, maliza. Nimechoka kusikia "ni vumbi tu". Bado nalisikia neno hilo, kila siku, dukani kwenu.

Muuguzi alisema simu ya Bibi iko mezani karibu na kichwa chake. Nikamwandikia: "Bibi, nanaa ilizidi. Nilijua kwa nini, sikumaliza kusema. Nisamehe."

Imefika. Haijasomwa.