Pumzi ya Veneranda

"Kaka, achia koti."

"Nimeliona kwanza, dada."

"Umeliona kwa macho. Mimi nimelishika kwa mkono."

Soko la Mwanjelwa lilikuwa limefurika, manyunyu yakidondoka juu ya mitumba. Isakwisa, fundi sauti aliyechoshwa na kurekodi kwaya baada ya kwaya, alilitazama lile koti la sufu la kijani, kisha sketi nyekundu, kisha macho yasiyojua kuomba radhi. Akaachia.

"Ndaga," Veneranda alimshukuru kwa Kinyakyusa, lafudhi yake ya Iringa tupu.

"Kamwene," akamjibu kwa salamu ya Kihehe, ya kwao msichana, na uchovu ukampungua kidogo.

Veneranda alikuwa amekuja Mbeya kumsalimia shangazi. Aliporudi Iringa alikuwa amerekodi wimbo wake wa kwanza kwenye studio ya Isakwisa, na moyo wa fundi ameufungasha pamoja na koti. Simu zikafuata.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula kelele za kwaya."

"Basi lala, masikio yapumzike."

Hakulala. Mikseri yake ilikuwa ya zamani, ya kuzungusha na kusukuma kwa vidole, isiyojua kompyuta. Mwisho wake alichomeka kompresa, kisanduku kinachobana sauti zikipanda, ili wimbo mzima utoke umeshikana. Kwaya zilitaka wimbo ugonge, naye alizoea kukaza mpaka sindano ya kipimo chake inalala. Akiwa na masikio yaliyokufa ganzi, akaukaza vivyo hivyo wimbo wa Veneranda, akamtumia.

Simu ikalia.

"Isa, mbona umenizika?"

"Nimekuzika wapi?"

"Ngoma ya rafiki yako Peter ikipiga tu, nazama. Kama sauti yangu mbovu, si ungeniambia?"

"Fundi ni mimi, Vene. Wewe imba."

Simu ikakatika, na tangu siku hiyo haikupokelewa. Kiburi ni moto: humpasha mwenye nyumba huku kinakula paa.

Mvua zikaisha. Homa ikamlaza Isakwisa, kazi zikasimama. Alipopata nafuu alijikokota kwa Faustina, mama ntilie jirani, kunywa chai. Kiredio cha Faustina kilikuwa kikicheza wimbo uleule wa Veneranda, kutoka kwenye kadi ambayo Isakwisa mwenyewe alimpa.

"Binti anaimba vizuri," alisema Faustina, "ila kila ngoma ikipiga anameza sauti. Nani anamtisha?"

Kwa masikio yaliyopumzika, Isakwisa akasikia. Ngoma ilikuwa kubwa mno. Kompresa ilipoibana ngoma iliubana wimbo wote, na Veneranda akainamishwa kichwa kila pigo. Chai ikapoa mkononi.

Mikseri ile haikuwa na kumbukumbu. Kazi za watu wengine zilikuwa zimeshavuruga mipangilio yote aliyoiweka. Akaanza upya, kwa sikio. Akaishusha ngoma kwanza. Kompresa akailegeza mpaka sindano ikawa inatikisika tu, kama jani. Sauti ya Veneranda ikainuka, ikasimama.

Hakumtumia kwa simu. Alipanda basi la Iringa, akaenda mpaka duka la vitambaa la Kokila, pale Miyomboni, Veneranda alikouza. Alimkuta ndani ya koti la kijani, akipima kitenge.

"Umekuja kunifundisha kuimba?"

"Nimekuja kukuomba usikilize. Ukikataa, nitarudi."

Veneranda aliweka mkasi chini, akavaa spika za masikioni. Kokila akajifanya anapanga vitambaa. Isakwisa alisimama, miguu ikimuuma, akitazama uso ule kama anavyotazama sindano. Kabla ya ubeti wa mwisho, macho ya Veneranda yakalowa.

"Pumzi yangu inasikika."

"Ile ya kwanza niliiua mimi. Wewe uliniambia, nikakubishia."

"Ulinifanya nione aibu kuimba hata kanisani, Isa."

"Nisamehe. Nimechoka, Vene. Nimechoka na kazi, nimechoka na simu isiyopokelewa."

Veneranda alivua koti, akamtupia mabegani.

"Jumapili twende Idodi kwa baba. Ila usimweleze habari za kompresa, hataelewa. Mwambie tu umechoka kukaa peke yako."