Machela ya Wanachama

Wenzangu, tulieni kidogo niwasimulie habari ya nyumba mbili zilizopakana kwenye kilima kimoja juu ya Bwera, mwaka 1965, wakati wakimbizi walipokuwa wakivuka mpaka kutoka Kongo kila wiki.

Yosamu alikuwa ameketi uani akigeuza kahawa yake juani. Mkewe, Rusi, alikuwa akimenya ndizi, na mbuzi walicheua kwa raha zao. Kila alipoinua macho, Yosamu aliiona machela ya kijiji ikining'inia chini ya upenu wake, na moyo wake ukajaa fahari. Yeye ndiye mkuu wa chama cha wabebaji. Gari halikupanda kule. Mgonjwa alishushwa zahanati mabegani mwa wanaume. Sheria ya chama ilikuwa moja tu: asiyekuja kubeba wengine, naye habebwi. Ilikuwa sheria nzuri, msinielewe vibaya. Hata wavivu iliwatoa kitandani.

Mara Kahambu akaingia uani mbio, kitenge kimemlegea. Huyu ni dada yake Kaswera, mkimbizi wa nyumba ya pili.

"Papa Yosamu, tusaidie! Kaswera iko na uchungu tangu jana, mutoto anakataa kutoka. Tupe kipoyi na batu ba kubeba!"

Yosamu aliitupia jicho machela, lakini hakuinuka. "Bwana yake iko wapi?"

"Fidèle alienda Kahendero kutafuta kazi ya samaki. Unajua, Papa."

"Tumepiga ngoma ya kubeba mara ngapi, yeye hayuko?"

"Tungali bageni, Papa. Hatukujua."

"Sheria ni sheria. Nikitoa machela leo bure, kesho nani atakuja kubeba?"

Rusi alitupa kisu chini, akamgeukia mumewe. "Baba Biira! Huyu mwanamuke anakufa. Sheria itamuzalisha?"

"Wewe menya ndizi yako."

Mnaona, jamani? Hakuwa mtu mbaya. Roho ilimchoma, tena sana. Lakini aliogopa wanaume wenzake wasije wakasema mkuu wao ni mtu wa kuyumbishwa na machozi ya wanawake.

Rusi aliziacha ndizi. Machela mwanamke hakuruhusiwa kuigusa, basi yeye na Kahambu walimshika Kaswera makwapani wakaanza kuteremka naye kwa miguu. Kila baada ya hatua chache maskini yule alichuchumaa, akauma kitenge asipige kelele. Yosamu aliwatazama mpaka migomba ikawaficha. Akarudia kahawa yake, lakini mikono haikutaka kazi.

Ndipo akasikia kilio cha mkewe kutoka bondeni.

Aliinyakua machela, akaita wanaume kwa sauti ya juu, wakakimbia. Walimkuta Rusi ameketi njiani, kichwa cha Kaswera mapajani mwake. Kaswera alikuwa amekwisha kufa, na mtoto wake tumboni.

Kesho yake Fidèle alifika pamoja na binamu yake Kakule. Wanachama walikuwa wamejaa uani kwake, hata wale waliozoea kujificha ngoma ikilia, maana kwenye mazishi kila mtu huja. Yosamu alisogea mbele.

"Pole sana, ndugu yetu. Tumekuja kubeba."

Fidèle aliwaangalia mmoja mmoja. "Beko bengi hivi," alisema polepole. "Jana balikuwa wapi?"

Yosamu akaisogeza machela mbele yake.

"Miye si mutu wa chama yenu. Rudisheni kipoyi."

Aliung'oa mlango wa matete wa kibanda chake. Yeye na Kakule wakamlaza Kaswera juu yake, wakambeba wenyewe. Njia ilikuwa mbaya na Kakule akateleza. Wanaume wakanyoosha mikono, Fidèle akatikisa kichwa. Yosamu alifuata nyuma, machela tupu begani, akilia waziwazi mbele ya wanaume wale wale aliowaogopa.

Mafunzo

Ndugu zangu, vyama na sheria tumeviweka ili tusaidiane. Mtu akija mlangoni kwako na shida ya kufa na kupona, mbebe kwanza. Ya chama mtayazungumza akishapona. Huruma haimtaki tajiri wala mkubwa. Inataka uinuke pale ulipoketi, uache kahawa yako, uende. Wala usijidanganye kwamba kujaa mazishini kunafuta ubaya wa kukataa jana. Jirani akiita, mwendee angali anaita.