Nilikisugua Kikuku Mpaka Kikakosa Mwenyewe

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka ishirini na minne, sina mke, na nakaa peke yangu katika nyumba ya vyumba viwili Kikwajuni. Haikuwa nyumba ya mtu mmoja. Chumba cha pili kina kitanda, kina mkeka, kina cherehani iliyofunikwa kanga... lakini hakina mtu. Aliyekuwa akilala humo ni dada yangu, na aliyemwondoa ni mimi. Sikumfukuza wala sikumtukana. Nilimwondoa kwa neno moja la uongo na kwa kitambaa cha kusugulia fedha!

Barua hii nimeiandika mara tisa. Kila nilipokosea herufi nilichana karatasi nikaanza upya. Hii ya tisa nimeapa kuipeleka na makosa yake. Mtaona kwa nini.

Wazazi wetu walifariki nikiwa na miaka minane. Dada yangu Zuwena alikuwa na kumi na saba, akanilea kwa cherehani hiyo. Alishona nguo za maharusi, na kwa kazi hiyo aliingia nyumba za watu hadi vyumba vya ndani, penye masanduku wazi na dhahabu imetandazwa kitandani. Hakuna aliyewahi kumkagua alipotoka. Hakuwa na shamba wala nyumba ya urithi. Mali yake ilikuwa hiyo tu, kuaminiwa.

Alichelewa kuolewa kwa sababu yangu. Mwishoni akaja Bwana Haji, mpima karafuu, mtu mpole asiyepandisha sauti. Posa ikajibiwa. Ndoa ikawekwa mfunguo tatu, wiki kumi hivi baada ya Idi ya Ramadhani. Dada yangu alianza kuimba jikoni. Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba!

Na mimi? Mimi ni fundi wa redio niliyejifundisha mwenyewe, kwa kitabu kilichokosa jalada na kamusi ya kuazima. Sikuwa na mwalimu, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kuniambia: basi, inatosha. Mteja mmoja alikuja mara nne kufuata redio iliyokwisha kupona, nami bado nang'arisha vifundo vyake vya kuzungushia. Mara ya nne akanipigia kelele, "Khamis, mimi nataka kusikiliza habari! Sikukwambia nataka kioo cha kunyolea!" Watu walicheka. Mimi sikulala siku mbili.

Mwaka mmoja nilinunua mnadani chombo cha kijeshi, kile ambacho askari walikitumia wakati wa vita kutafutia mabomu yaliyofukiwa. Kilikuwa kimekufa. Nilikishughulikia miezi mitano mpaka kikafufuka. Kilikuwa na mpini mrefu, sahani ya duara chini, sanduku la betri begani, na vyombo viwili vya kuvaa masikioni. Sahani ikipita juu ya chuma, masikioni huingia mlio mwembamba kama wa mbu.

Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilikwenda kiwanja cha Mnazi Mmoja, au bustani ya Forodhani, nikipitisha sahani juu ya majani polepole, mstari kwa mstari. Niliokota senti za tundu, vifungo, na zile pesa za kale zenye picha ya mizani. Nyumbani nilizisugua, nikazipanga kwenye ubao uliovikwa kitambaa chekundu. Sikuweka kitu kibovu. Kitu cha jozi sikukiweka mpaka nipate mwenziwe.

Wanawake waliokwenda sokoni walinikejeli. Mmoja aliita, "Jamani njooni mwone, mwanamme anapiga pasi majani!" Mwenzake akajibu, "Mwambie akimaliza, nnazo kanga zangu mbili!" Nilijifanya sisikii. Kwa kweli nilikuwa nasikia. Lakini ndani ya vyombo vile vya masikioni mlikuwa na ukimya mzuri. Hapakuwa na mteja, hapakuwa na mtu wa kuniona nikikosea. Nilikuwa mpweke, nami niliuita upweke ule raha...

Ikaja Idi. Siku nne Mnazi Mmoja ilijaa bembea, halua na watu wa kila mtaa. Mimi sikwenda, naogopa umati. Dada alikwenda akiwa amevaa buibui jipya. Shangazi zake Bwana Haji wangekuja kumtazama huko, kwa hiyo alikuwa ameazima vikuku viwili vya fedha kwa rafiki yake, Bi Rukia, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Hayo ya kuazima sikuyajua. Ni mambo ya wanawake, na mimi nilikuwa mezani nimeinamia waya.

Siku ya sita kiwanja kilikuwa kitupu. Pale bembea iliposimama, mchanga umechimbika, mbu wangu akalia kwa nguvu kuliko siku zote. Nikachimba kwa kisu... nikatoa kikuku cha fedha! Kilikuwa cheusi kwa uzee, kimechorwa majani madogo, ubavuni kina kibonyeo, na msumari wake wa kufungia umepinda. Katika bawaba palikuwa na uzi wa kanga.

Uzi ule ndio ulionipoteza. Nilijiambia: mwenye vikuku alivivua vyote viwili akavifunga kwenye pindo la kanga, fundo likafunguka, vikaanguka pamoja. Kwa hiyo cha pili kipo hapa hapa! Haikunipitia kabisa kwamba cha pili kilikuwa kimerudi nyumbani salama, mkononi mwa mtu.

Najua mnaniuliza: hukusoma chuo cha Kurani? Nilisoma. Mwalimu alitufundisha kwamba mwenye kuokota mali ya mtu huitangaza mwaka mzima. Nami, kwa akili yangu ya kupima kila kitu, nikaligeuza fundisho. Mwaka mzima! Basi haraka ya nini? Nitawezaje kusimama mlangoni mwa msikiti na kikuku kimoja, kibovu, kichafu? Nitatafuta cha pili kwanza. Nitavisafisha. Nitavitangaza vikiwa viwili, vinang'aa, na watu wataona kwamba yule mpiga pasi majani hakuwa mwendawazimu.

Nikakificha kwenye mtoto wa meza yangu.

Wiki saba nilipitisha sahani kiwanjani, nusu hatua kwa nusu hatua. Jioni nilikishughulikia kikuku. Nilikisugua kwa majivu na ndimu, kisha kwa ukwaju, kisha kwa chokaa laini. Weusi wa miaka ukatoka. Yale majani madogo yakafifia kidogo, lakini uso ukawa laini kama kioo. Kibonyeo nikakigonga kwa nyundo ndogo mpaka kikanyooka. Msumari uliopinda nikautupa, nikaweka mpya. Lo! Nilikitazama nikafurahi kama mtu aliyeokoa roho.

Wakati huo huo dada yangu alikuwa akikonda mbele ya macho yangu.

Kuimba kulikwisha. Cherehani ilinyamaza. Nilidhani ni wasiwasi wa harusi. Kumbe siku ya pili ya Idi alipovua buibui alikuta mkono mmoja mtupu. Alirudisha kikuku kimoja na machozi. Bi Rukia kwanza alimwambia atafute. Kisha akaanza kumtazama vibaya. Kisha maneno yakatoka nje ya nyumba: Zuwena ana harusi mbele na hana kitu, kauza kikuku cha mwenziwe. Mlango mmoja ukafungwa, ukafuata wa pili. Nani atamwingiza mwizi penye masanduku ya bibi harusi?

Hakuniambia. Ananijua. Nikisikia jambo silali wala sili. Lakini jioni moja, tunakula muhogo wa nazi, aliniuliza. Maneno yake nayakumbuka yote.

"Khamis, huko kiwanjani, hujaokota kitu cha maana?"

Mtoto wa meza ulikuwa hatua nne kutoka mkeka tuliokalia. Kikuku kilikuwa kinangoja mwenziwe. Na mimi, wasomaji wenzangu... mimi nilitabasamu! Nilitaka nimwonyeshe vikiwa viwili.

"Bado, Dada. Vizibo vya soda na misumari tu."

"Basi," akasema. Akaondoa sahani yake ikiwa bado imejaa.

Kwa nini sikumtazama uso? Kwa nini sikujiuliza, mtu ambaye hajawahi kuuliza habari za chombo changu, leo anauliza kwa sababu gani?

Shangazi zake Bwana Haji wakaja mchana, hawakukaa hata nusu saa; kumbe walikuja kuvunja posa. Baada ya siku tatu Zuwena alifunga nguo zake katika kanga, akaniambia anakwenda kupumzika kwa mama mdogo wetu Kendwa. Nikasema, "Nenda salama, Dada." Nikarudi kwenye waya zangu.

Aliyenifungua macho ni mpiga chokaa mmoja aliyekuja kufuata redio yake.

"Pole na ya dada yako," akasema. "Lakini kweli kakiuza? Watu wanasema kikuku kishavuka Pemba."

"Kikuku gani?"

"Wewe! Kumbe nyumba moja hamwambizani?"

Sikumbuki kama nilimpa redio yake. Nakumbuka nilivuta mtoto wa meza kwa nguvu ukaanguka chini na kila kilichomo, nikakiokota kikuku kwa mara ya pili, nikakimbia bila viatu mpaka kwa Bi Rukia.

"Shikamoo, Bi Rukia!" Hakuitikia. Nikamwekea kikuku mkononi, nikamweleza yote, nahema, nalia. Akaingia ndani, akatoka na chake. Akaviweka sawasawa juu ya mkeka.

Wallahi, havikufanana! Kimoja kilikuwa cheusi, kizee, majani yake yamekaa wazi. Kingine kilikuwa kama kimetoka kwa sonara asubuhi ile.

"Chetu kina kibonyeo," akasema Bi Rukia. "Bibi yangu alikigonga na mchi."

"Nimekinyoosha."

"Umekinyoosha! Na msumari? Ulikuwa umepinda."

"Nimeubadilisha."

"Na weusi wake?"

"Nimeusugua, Bi Rukia."

Alikigeuza kile kinachong'aa mara mbili. "Basi kilichobaki chetu ni nini, Khamis? Umekwenda kwa sonara ukachongesha kipya, ili umsafishe dada yako. Nakuonea huruma, mwanangu, lakini hiki si cha bibi yangu. Kichukue."

Nilimwapia. Nilimleta sonara mzee, naye akasema fedha ile ni ya kale. Bi Rukia akacheka, akamwuliza sonara, "Na nani aliyekuleta wewe?" Siku ile ile mtaa mzima ukajua: Zuwena kauza kikuku, na ndugu yake kaghushi kingine. Nilikuwa nimekuja kuzima moto, nikaumwagia mafuta ya taa!

Kesho yake nilipanda gari la shamba mpaka Mkokotoni, nikaendelea kwa miguu. Nilimkuta dada yangu uani kwa mama mdogo. Mikono iliyoshona hariri za maharusi ilikuwa ikisokota kamba za makumbi. Vidole vimechanika.

Nilimwekea kikuku mapajani. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Uliokota lini?"

"Siku ya sita, tangu Idi."

Akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo nilipokuuliza, kilikuwa ndani ya nyumba."

"Naam, Dada."

"Nami nilikuwa nakwenda chumbani kwangu kulia."

"Dada, nilikuwa natafuta cha pili..."

"Cha pili nilikirudisha mwenyewe, Khamis. Nilikuwa nahitaji hicho hicho kimoja, na uchafu wake."

Alinipakulia chakula, maana ni dada yangu. Lakini alinipakulia peke yangu, akarudi kwenye kamba zake. 

Ramadhani mbili zimepita. Bwana Haji ameoa kwingine. Simlaumu. Zuwena hajarudi. Nikimpelekea kitambaa anakirudisha kwa salamu nzuri. Chombo cha kijeshi nimekipasua vipande, ubao mwekundu nimeuchoma. Wateja wangu sasa wanapata redio zao siku ninayoahidi, zikiwa na vumbi lake, na hakuna anayenigombeza. Jioni napika, napakua, naongea na cherehani...

Kikuku nimekiweka dirishani kwenye hewa ya bahari. Sikigusi. Kimeanza kurudia weusi ukingoni, kidogo sana, kama kivuli. Kila Ijumaa nakitazama. Labda baada ya miaka Bi Rukia atakiweka tena karibu na chake, avione ndugu. Mara nyingi mkono umenitamanisha nichukue nyundo nikirudishie kibonyeo. Nimeuzuia. Huo ungekuwa uongo wa pili, na safari hii ningeujua ni uongo tangu mwanzo.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi vijana mnaopenda kila kitu kiwe sawa ndipo mkionyeshe: nawaomba, msinifuate! Mliyemkosea, mwombeni radhi kabla maneno hayajawa mazuri. Mnayempenda akiwauliza jambo kwa sauti ndogo, inueni uso mumtazame. Na mkiokota kitu cha mtu, msingoje kipate mwenziwe, msikisugue, msikinyooshe. Kipelekeni leo leo, kimoja, kibovu, na mchanga wake.