Inspekta Asiyeanguka kwa Dada Yake

Soko Kuu la Unyangwe lilipofunguliwa asubuhi, sakafu ilikuwa imeamka kabla ya watu. Vigae vyake, kila kimoja na upana wa sahani ya pilau, viliinuka na kushuka kidogo kidogo, vikasukuma maji ya mvua hadi mtaroni, kisha vikatulia kusubiri miguu. Hiyo ndiyo Sakafu Hai, fahari ya jiji. Mwenye mzigo aliinuliwa visigino apande mlima bila kuhema. Mtoto aliyekimbilia barabarani aligeuzwa taratibu akajikuta amerudi kwa mama yake. Chini ya vigae vyote kulikuwa na akili moja ya mashine, jina lake Mratibu, na tangu iwashwe hakuna mkazi wa Unyangwe aliyewahi kujikwaa.

Isipokuwa Inspekta Elisante Ntandu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mguu mmoja mfupi kidogo tangu utotoni, na kofia yake haikuwahi kukaa sawa. Asubuhi hiyo alikuwa akipita zake, anapuliza kikombe cha uji, akajikwaa. Uji uliruka ukatua kwenye upara wa muuza mayai. Inspekta mwenyewe alipita juu ya trei za mayai, akadaka turubai la duka la vitenge, turubai likang'oka, akaviringika nalo hadi kwenye meza ya kijana mmoja aliyekuwa akiuza soksi. Meza ikapinduka. Kiganja cha Inspekta kikatua juu ya mfuko uliojaa mikufu ya watu iliyoibwa.

Pete iliyokuwa kidoleni mwake ikawaka kijani. "Ushahidi umepokelewa," ilisema kwa sauti ya upole. "Hongera, Inspekta Ntandu."

Soko zima lilicheka na kupiga makofi. Hata muuza mayai alipiga, uji ukimchirizika masikioni.

Pete hiyo ilikuwa na sababu yake. Macho ya mji, yale matone ya kioo yaliyobandikwa kwenye kila nguzo, yaliona kila kitu, lakini waliotunga sheria waliiogopa mashine. Waliandika kwamba mtambo hautamshitaki mtu, wala hautamtuma askari kwa mtu. Ushahidi ni lazima uguswe kwanza na mkono wa binadamu aliyeufikia mwenyewe. Ndiyo maana kila mpelelezi alivalishwa pete siku ya kiapo, na pete ikishajifunga kidoleni haikuvulika tena. Haikusikia wala haikuona. Iligusa tu.

Wapelelezi wenye akili zao walikaa miaka bila kugusa chochote cha maana. Ntandu, ambaye aliwahi kulihoji sanamu la duka la nguo kutwa nzima akidhani ni shahidi mkaidi, aligusa kila wiki. Aliamini ni bahati yake, na aliipenda.

Alipofika kituoni, Kamanda Kiula alikuwa akimsubiri.

"Ntandu, kuna mtu anapofusha macho ya mji kule Mtaa wa Udongo. Anayabandika ugali."

"Ugali, afande?"

"Ugali wa mahindi. Askari wakifika, kunguru wameshaumaliza. Nalitaka donge lenyewe, mkononi mwa mwenyewe. Nenda kaanguke huko."

Inspekta alipiga saluti, akaenda kukaa, akakikosa kiti. Aliyemwinua alikuwa Koplo Salima Mghenyi, mama wa makamo aliyefanya naye kazi muda mrefu, na ambaye siku hizi hakuwa anacheka tena. Alisubiri hadi walipotoka nje.

"Afande, nina swali, usinielewe vibaya. Mbona kwa dada yako huanguki?"

Ntandu alianza kucheka. Kisha akajaribu kukumbuka siku moja, hata moja tu, aliyowahi kuanguka kwa dada yake, na kicheko kikamkauka.

Dada yake, Dafrosa, alikuwa na mgahawa Mtaa wa Udongo, sehemu pekee ya jiji ambayo vigae vilikuwa havijafika. Chini palikuwa ardhi nyekundu yenye mashimo, mizizi na mbuzi waliolala njiani. Hapo Inspekta alipita na sahani ya supu kila mkono, asimwage hata tone. Siku zote aliona ni jambo la kawaida. Mchana huo, akipita kwenye mashimo yale yale, nywele za shingoni zilimsimama.

Kwenye kigoda karibu na mlango alikaa Gwau, mume wa Dafrosa, ametabasamu.

"Karibu, mgeni," Gwau alimwambia mkewe alipopita na kuni.

"Asante, baba," alijibu Dafrosa, kama alivyojibu kila siku tangu mumewe arudishwe kutoka Nyumba ya Utulivu.

Aliyempeleka huko ni shemeji yake. Wakati ule walikaa mtaa wenye vigae. Ntandu alikuja kuwatembelea, amebeba maandazi, akateleza mlangoni, akaserereka kwa tumbo sebule nzima hadi akagonga kabati, na kiganja chake kikashika redio ya marufuku ambayo jiji halikuweza kuisikia. Pete iliwaka. Gwau, akiwa tayari ameshikwa mikono, alimtazama akamwambia, "Shemeji, umesukumwa." Watu walidhani anamtetea. Naye Dafrosa alilia, akamaliza, akamsamehe mdogo wake. Ulianguka tu, alimwambia. Nani anaanguka makusudi?

Huko Nyumba ya Utulivu watu hawakupigwa. Walitulizwa. Walirudi wamenenepa, wanatabasamu, hawamjui mtu.

Uani, Inspekta aliinua macho kwenye nguzo akaona jicho la mji limezibwa kwa donge la ugali, na juu ya donge alama za vidole vinne alivyovijua tangu vilipokuwa vikimlisha. Alificha mkono wenye pete mfukoni upesi.

"Dada..."

"Nyamaza, nikwambie mara moja tu." Dafrosa hakuacha kusonga ugali. "Ukoko ukianza kuungua, Gwau ananijua. Ananiita Dafu. Ananiuliza kama mvua zimenyesha. Ni muda mfupi, halafu anaondoka tena. Wakiona anakumbuka watamchukua, na safari hii sitarudishiwa. Sasa nifanyeje, Elisante? Niache kupika?"

Inspekta aliusukuma mkono wenye pete ndani zaidi ya mfuko. Aliapa moyoni kwamba hatagusa kitu katika mtaa ule, na akaona mambo yamekwisha, maana yeye ndiye mpelelezi.

Mwisho wa mtaa, mashine za kutandaza vigae zilikuwa zinakuja polepole, bila dereva, zikiacha nyuma yake njia nyeupe.

Koplo Salima alikuwa akimngoja pale njia nyeupe ilipoanzia. "Vua viatu, afande," alisema. "Utembee. Mimi naangalia chini."

Alivua. Kigae kilikuwa na uvuguvugu. Alipoinua mguu mfupi, kabla hajautua, alikisikia kimeinuka chini ya kidole chake cha mwisho, kidogo sana, kama pua ya ndama inayosukuma mkono. Alisogea kushoto. Cha kushoto kikainuka. Alirudi nyuma, na kitu kile kile kikamngoja nyuma. Aliposimama kabisa, vyote vilitulia, na ule utulivu ndio uliomtisha zaidi, kwa sababu ulikuwa utulivu wa kitu kinachosikiliza.

"Sheria imekataza kumtuma askari," Salima alisema kwa sauti ya chini. "Haijakataza kuinua kigae."

Inspekta alikumbuka siku aliyoomba kazi. Alishindwa mbio, alishindwa shabaha, kwenye mtihani wa maandishi alimwaga wino akaukalia. Walimchukua. Mratibu ndiyo iliyochagua. Katika jiji lote ilimtafuta mtu aliye rahisi kuangushwa, ikampata.

"Kwa hiyo mimi ni nani, Salima? Miaka yote hii?"

Alimwonea huruma, lakini hakumdanganya. "Jiwe la manati, afande."

Kesho yake asubuhi vigae vilikuwa vimefika mlangoni kwa Dafrosa, na juu ya mlango limebandikwa jicho jipya. Simu haikufaa, kwani simu zote zilipita kwa Mratibu. Salima angekwenda, lakini Kamanda alikuwa amempangia zamu ya kulinda mahabusu tangu alfajiri. Ilibidi Inspekta aende mwenyewe, amwambie dada yake amchukue Gwau waondoke siku hiyo hiyo kwa ndugu zao kijijini, ambako chini bado ni udongo.

"Na ukianguka?" Salima alimuuliza kwenye ngazi za kituo.

"Nikiwa tayari niko chini, nitaangukia wapi?"

Akapiga magoti. Akakunja ngumi zote mbili, pete ndani, na akaanza kutambaa.

Unyangwe haikuwahi kupata kichekesho kama hicho. Inspekta mzima, na magwanda yake, anatambaa kwa magoti na viwiko katikati ya barabara kuu, kofia imemwangukia puani. Wenye maduka walifunga milango wamfuate. Watoto walipanga mstari nyuma yake, nao wakitambaa. Mtu mmoja alimwekea ganda la ndizi mbele kwa heshima, kama anayemtandikia zulia, na Inspekta alilizunguka. Jasho lilimtoka. Chini ya tumbo lake alivisikia vigae vikihangaika, kimoja kinapanda, kingine kinazama, vikimtafuta. Alijilaza zaidi. Karibu na Mtaa wa Udongo, ghafla, vyote vikaacha. Sakafu ikawa kimya kutoka ukuta hadi ukuta.

Alidhani ameshinda. Machozi yalimtoka kwa furaha, na umati ulizidi kucheka ulipoyaona.

Dafrosa alitoka mlangoni, donge la ugali mkononi, la moto, akitazama jicho jipya lililo juu yake. Kisha akashusha macho akamwona mdogo wake. Akacheka. Alicheka hadi akashika ubavu, kicheko ambacho Ntandu hakuwa amekisikia tangu Gwau achukuliwe.

"Elisante! Umekuwa kobe?"

"Rudi ndani, dada! Usikanyage! Rudi ndani!"

Makelele ya watu yaliimeza sauti yake. Dafrosa aliona tu mdomo wa mdogo wake unafunguka na kufungika, na magoti yaliyochubuka, na huruma ikamshika. Alishuka kizingiti amwinue.

Kigae kilizama chini ya kisigino chake.

Hakuwa mtu wa kuanguka, Dafrosa. Hakujua kuviringika wala kujikinga. Alikwenda kinyumenyume, kichwa kikielekea kwenye jiwe la kizingiti, na ndani ya nyumba, ambako ukoko ulikuwa umeanza kuungua, Gwau aliinuka kwenye kigoda akapiga ukelele, "Dafu!"

Inspekta alijirusha. Kwa mara ya kwanza maishani mwili wake ulifanya alichoutuma. Alifungua ngumi, akamdaka dada yake mkono, akamvuta kifuani, wakaanguka pamoja kwenye vigae, viganja vyao vimebana ugali katikati. Ulimchoma. Hakuuachia.

Pete ikawaka kijani.

"Ushahidi umepokelewa. Hongera, Inspekta Ntandu."

Umati ulilipuka kwa makofi. Mlangoni alisimama Gwau, chini ya jicho lililo wazi, akimtazama mkewe na kumjua, akiuliza kama mvua zimenyesha. Inspekta alijaribu kuinuka ili amfunike kwa mwili wake, na sakafu ilimsaidia. Vigae vilimwinua visigino taratibu, kwa upole ule ule vinavyowainua wazee, vikamsimamisha wima, sawasawa, mbele ya watu wote.

Alikuwa analia waziwazi. Dafrosa, ambaye bado hakuwa ameelewa, alimfuta shavu kwa mkono wenye ugali.

"Usilie, mdogo wangu," alisema. "Nimeanguka tu."