Joto Bila Mvuke

Siku ile, kwenye karakana ya nta pale Misunkumilo, walikuwepo wanne: Telesphor msimamizi, Kasimiri mtunza boila, Salvator mrina asali, na Eufrazia, mke wa Kasimiri, aliyeleta ugali akiwa na mtoto mgongoni.

Ilikuwa mwaka 1974. Kwa miaka mitatu Kasimiri alishinda amesimama kando ya tangi, akifungua na kufunga mvuke kwa mkono ili nta isiungue. Telesphor alishauriwa anunue mtambo wa umeme, lakini jenereta lao lilizimika kila mara. Akachagua vali rahisi: kichupa cha shaba kilichozama ndani ya nta, ambacho huifunga vali chenyewe joto likifika nyuzi sabini na tano. Tena alitaka Kasimiri apate kula ameketi. Salvator akamtania kwamba sasa amekuwa bwana mkubwa.

Kasimiri hajamega tonge la pili, akaona mshale wa kipimajoto uko themanini. Vali ilikuwa imejifunga. Akagusa bomba la mvuke. Baridi kabisa.

Mshale ukafika tisini.

Telesphor akaamuru kuni zote zitolewe kwenye boila. Zikatolewa, lakini nta ikazidi kuchemka, harufu ya nywele zinazoungua ikajaa karakana, halafu ndani ya tangi nyuki wakaanza kuvuma, nyuki wengi, ingawa hakuna nyuki anayeweza kuishi humo, na katikati ya mvumo ule kitu kikamwita Kasimiri polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, naye akainuka bila kunawa, akaanza kupanda ngazi ya tangi huku Eufrazia akimng'ang'ania shati kwa mikono miwili na mtoto akilia mgongoni.

"Baba Yotham, shuka," alimnong'oneza. "Ni mimi hapa."

Salvator alikuwa amepiga magoti. Akakiri kwamba gunia lake halikujaa, ndipo alipochukua na yale masega ambayo warina asali humwachia mwenye pori, mzimu wa msitu, juu ya mti.

"Nitamrudishiaje sasa?" alisema. "Yameshayeyuka."

Telesphor akafungua koki ya chini. Nta ya miezi mitatu ikamwagika yote mchangani. Mvumo ukakatika, mshale ukashuka, na Kasimiri akaangukia mikononi mwa mkewe.

Eufrazia akamwachia. Viganja vya mkewe huyo vilikuwa vimebabuka kwa kumshika tu.

Kasimiri aliishi miaka miwili zaidi. Mwili wake haukupoa.