Sauti Iliyoniita Rehema

Je, marehemu anaweza kusema uongo? Swali hilo liliniibia usingizi…

Nina miaka ishirini na minne, wasomaji wenzangu. Nina shahada, sina kazi, na kichwa changu hakijui kutulia. Baba alipofariki nilibaki na mama kwenye nyumba yetu Walukuba, Jinja. Baba mdogo aliishi ubavuni, chini ya paa hilohilo.

Ndipo sauti ikaanza! Kila magharibi, kutoka chumba cha baba tulichokifunga kwa kufuli: “Rehema, mwanangu… mama yako ndiye aliyeniua.”

Ilikuwa sauti yake, na kikohozi chake! Baba mdogo akaita ukoo. Wakasikia, wakahukumu hapohapo. Ushahidi gani tena, ikiwa aliyeuawa amesema mwenyewe? Mama akafukuzwa, akaenda kwa dada yake Mbale na mswala wake kwapani.

Nilimlilia mchumba wangu Salim, mfanyabiashara wa Kenya. Nyumbani wote, kwa lafudhi yetu ya Uganda, waliniita Lehema. Yeye alilitamka jina langu sawasawa, na mimi mjinga nikapenda!

Nilimfuata mama Mbale. Nilitaka kumwuliza kama ni kweli, nikashindwa… Akauliza yeye, “Huyo baba yako anakuitaje?”

“Rehema.”

Mama alicheka hadi akashika ukuta. “Wewe na shahada yako! Maisha yake yote kakuita Lehema. Kaburini wanafundisha herufi?”

Ninafikiria kila kitu, hilo sikulifikiria! Na Salim, aliyezoea kunichekesha kwa kuigiza sauti za watu, hata ya baba…

Nilirudi Jinja na mama. Ukoo ukiwa sebuleni, sauti ikaanza. Nikapaza yangu: “Kama wewe ni baba, niite ulivyoniita!”

Kimya…

Nikavunja kufuli kwa nyundo. Miguu ya Salim ilikuwa inaning’inia kwenye tundu la dari, akijaribu kurudi upande wa baba mdogo! Alipovutwa chini alimtaja baba mdogo papo hapo. Walipanga kuuza nyumba, wagawane.

Na hapo, nyuma yetu, mlangoni pasipo na mtu, tukasikia taratibu: “Lehema.”

Baba mdogo alipiga magoti.

Ilikuwa nini? Sijui, na safari hii sitaki kufikiria! Ila nawasihi, msimhukumu mtu kwa sauti isiyo na uso, hata ikilia kama mzazi wenu.

“Tuyamalize nyumbani, mwanangu. Aibu ya ukoo!” alinisihi baba mdogo. Nilimwambia aibu kaileta yeye. Nikavua pete ya Salim, nikamshika mama mkono, tukaenda polisi.

“Jina? Rehema?” akauliza askari.

“Hapana, afande. Andika Lehema.”