Vigae Ishirini na Vitano

Siku ya kwanza ambayo neno la kutokea halikuwapo, Odeta alidhani kioo kimechafuka. Alichukua pindo la khanga akafuta kona ya chini ya televisheni. Vumbi likatoka, lakini kona ikabaki nyeusi. Siku zote hapo palikuwa na neno dogo la kijani, ambalo ukilibonyeza unaacha mchezo na kuondoka na pointi zako. Siku hiyo palikuwa na bao tu, vigae vitano kwenda juu na vitano kwenda kando, na mkono mdogo mweupe ukimngoja achague.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, Mhaya aliyeolewa na Msukuma, na kwa miaka kumi na sita alikuwa karani wa takwimu za pamba. Wanunuzi binafsi walipoingia na ushirika ukanywea, ofisi yake ilifungwa, akarudi nyumbani Mirongo na kikombe chake cha chai na penseli tatu. Mumewe, Nathaniel, alikuwa na kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara. Ndiye aliyenunua televisheni mwaka ule wa tisini na nane, na juu yake mashine ya gemu ya mtumba kwa ajili ya binti yao Nice, aliyekuwa darasa la sita. Mashine ilikuja na kaseti moja isiyo na karatasi wala jina. Nice aliuchoka mchezo mkubwa wa mpiganaji na mapango yake ndani ya wiki mbili. Mama yake naye akagundua kwamba ndani ya mchezo ule mkubwa kuna mchezo mdogo wa kufunua vigae, na huo haukumchosha.

Sheria zake zilikuwa chache. Chini ya kila kigae kuna namba, moja, mbili au tatu, ama kuna bomu. Ukingoni mwa kila mstari na kila safu umeandikiwa mambo mawili: jumla ya namba zilizofichwa, na idadi ya mabomu. Ukifunua bomu, umeshindwa. Wengine wangebahatisha, Odeta alichukua daftari. Mstari wenye jumla ya tano na bomu moja, alijua una namba moja mara tatu na namba mbili mara moja. Bomu laweza kukaa mahali patano, ile mbili mahali panne, basi ni namna ishirini, na kila kigae ni salama mara nne katika tano. Alizilinganisha na safu zinazokatiza, akafuta namna zisizowezekana, akabaki na chache, na mara nyingi na moja tu. Namba za ukingoni hazikumdanganya hata siku moja. Ilikuwa kama kurudi kazini.

Basi siku ile, kwa kuwa hakukuwa na pa kutokea, alilazimika kufunua kigae ambacho hakukiamini. Kilikuwa bomu. Wakati huohuo akasikia harufu ya mvua, ile harufu tamu ya udongo mkavu ukiguswa na matone ya kwanza, akainuka kuanua nguo. Nje jua la saa saba lilikuwa linawaka, mchanga mkavu, mbingu haina hata wingu. Kuku wake wanne walikuwa wamelalia vifua, mabawa yametandazwa, shingo zimenyooshwa mbele, macho wazi. Alipomgusa mmoja kwa mguu wote waliinuka wakaendelea kudonoa.

Siku mbili baadaye alifunua bomu jingine, na kelele ya maganda ya karanga uani ikakatika. Mama mkwe wake, Ng'washi, alikuwa amelala kifudifudi mkekani, paji la uso ndani ya ungo. Aliamka baada ya muda kama wa kuchemsha chai, akasema amesinzia tu, joto. Odeta alimpa maji, akamfuta maganda usoni, kisha akaingia ndani akachora jedwali. Kwa wiki moja na nusu aliandika kila bao, kila saa, na kila aliyeanguka. Mabao kumi na tisa aliyoyamaliza salama, hakuna aliyeanguka. Mabomu saba, maanguko saba, mara nne kuku na mara tatu bibi, na kila mara anayeanguka alichelewa zaidi kuamka. Enzi za ofisi, namba za namna hiyo zingetosha kumwandikia meneja barua. Aliichomoa waya ya televisheni ukutani, akaichomoa na ya mashine, akazikunja zote mbili akazifunga kwa kitambaa.

Kesho yake, saa saba, alikuwa amekaa uani na Ng'washi wakimenya ndizi. Harufu ya mvua ikaja. Kisha kutoka sebuleni akasikia sauti aliyoizoea ya kigae kufunuliwa, tak, kama kucha inayogonga kigae cha sakafu.

Alipoingia, kioo kilikuwa kinawaka. Waya zilikuwa zimefungwa vilevile katika kitambaa chake. Mkono mweupe ulikuwa unatembea peke yake juu ya bao, na haukutembea kama mkono wa mtu anayefikiri. Uliruka huku na huku, ukapita mstari usio na bomu hata moja, ukaenda kusimama kwenye mstari wenye mabomu manne katika vigae vitano, pale ambapo hata mtoto angeona asiguse, ukafunua. Bomu. Nyuma yake, uani, kisu kilianguka juu ya sufuria. Bao jipya likatokea, na mkono ukaanza tena kurukaruka vilevile bila kusoma chochote, na Odeta, ambaye alikuwa ameapa hatakigusa tena kitu kile, alijikuta ameshavuka sebule na amekikamata kile kishikio chenye vitufe kwa mikono miwili. Mkono mweupe ukatulia hapohapo. Ulikuwa unamngoja yeye. Kwenye kochi nyuma yake springi zililia taratibu, kama mtu mzito anayejiweka vizuri ili atazame, na alipogeuza shingo aliona mto wa kochi umebonyea katikati na hakuna aliyeukalia.

Alicheza. Hakujua la kufanya zaidi ya hilo. Alifunua vigae vya uhakika, kimoja kimoja, polepole kadiri alivyoweza, na vilipokwisha akakaa amekishika kishikio bila kubonyeza. Saa tisa kamili kioo kikazima chenyewe. Mto ukapanda.

Ng'washi hakuamka safari hii. Walimbeba hadi kitandani, wakamlaza chali, naye akageuka polepole, bila kutumia mikono wala magoti, mpaka uso ukarudi chini. Hospitali walipima kila walichoweza wakasema hawaoni kitu. Nathaniel, aliyekuwa akimwambia mkewe kwamba kukosa kazi kunamchezea akili, alimgeuza mama yake mwenyewe mara sita, na mara ya sita akatoka nje kukaa kwenye ngazi. Ikabidi wamlaze kichwa kikitokeza nje ya kitanda, na Odeta akawa anajilaza sakafuni chini yake kumnywesha uji kwa mrija. Macho ya bibi yalikuwa yanaona. Machozi yake yalimdondokea Odeta usoni.

Na kila siku saa saba alikuwa kwenye kiti, kwa sababu asipokaa yeye, kile kingine kingecheza.

Nathaniel aliitupa ile kaseti ziwani kutoka juu ya mawe. Haikusaidia. Ndipo akaenda Kisesa kumleta Kashindye, mfumu, mganga aliyewahi kumtibu shangazi yake, mwanamke mfupi wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Odeta alimwamkia shikamoo bila kutoa macho kwenye kioo. Kashindye aliitika marahaba, akakaa chini mlangoni, mbali na kochi, akapasua kifaranga alichokuja nacho akakitazama ndani kwa muda mrefu. Alitazama mara ya pili. Kisha akasogea mpaka sikioni mwa Odeta.

"Si wa ziwani huyu," alinong'ona. "Si wa ukoo wa mumeo wala wa kwenu. Hakutumwa."

"Anataka nini, mama?"

"Hataki kitu. Nimemtafutia neno la kumtoa, nimekosa. Jini mwenye hasira unampoza, mwenye njaa unampa. Huyu anacheza tu."

Odeta aliuliza itakuwaje wakiivunja televisheni.

"Mkivunja kioo, bao litabaki. Ninyi ndio hamtaliona." Springi za kochi zikalia, Kashindye akasubiri zitulie. "Bibi yenu yuko chini ya kigae. Bao likifunuliwa lote bila kosa, naye atafunuliwa. Zaidi ya hapo mimi sina, mwanangu. Nisamehe."

Alitoka kwa mlango wa nyuma, na mkoba wake aliusahau.

Kulimaliza bao zima ndicho kitu ambacho Odeta hakuthubutu. Mabao yalikuwa yamekuwa magumu. Kila siku alifika mahali ambapo hesabu ilimpa mara mbili katika tatu, au tatu katika tano, naye akasimama hapo akangoja saa tisa. Alijua vizuri mara mbili katika tatu ni nini. Aliona miaka ya pamba ambayo ilipaswa kuwa mizuri na haikuwa. Lakini siku ya kumi na moja pumzi ya Ng'washi ilianza kukwaruza, mbavu zikahesabika mgongoni, na Nathaniel akaomba ruhusa kazini, kwa sababu wote wawili waliona kwamba kukaa bila kubonyeza nako kulikuwa kunaua.

Siku hiyo walikuwa wawili sebuleni, yeye kwenye kiti na mumewe amesimama karibu naye, na mlango wa chumba cha bibi umeachwa wazi ili wasikie pumzi. Odeta alicheza kuliko alivyowahi kucheza maishani. Alijaza kurasa nne za daftari. Alipita palipokuwa na mara tatu katika nne, akapita tena, akapita pa mbili katika tatu huku jasho likimtiririka mpaka kwenye viwiko, na harufu ya mvua ikawa nzito kiasi kwamba Nathaniel alikuwa akipumulia mdomoni, na nyuma yao kile kilichokalia kochi kilikuwa kimesogea ukingoni, walisikia, kama mtazamaji wa mpira dakika za mwisho. Mpaka vikabaki vigae vinne, viwili juu na viwili chini yake, mraba mdogo katikati ya bao. Kila mstari una namba tatu moja na bomu moja. Kila safu ina namba tatu moja na bomu moja. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Akaweka penseli chini.

"Vipi?" Nathaniel aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mabomu yamekaa mshazari huu, au ule. Ni nusu kwa nusu."

"Tafuta zaidi."

"Hakuna zaidi, Baba Nice. Namba zimesema yote ziliyonayo."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na tano. Alisema wangoje kioo kizime, kesho kuna bao jingine, huenda likawa jepesi. Chumbani pumzi ikakwama, ikakaa kimya muda mrefu mno, ikarudi kwa mkwaruzo.

"Mama hafiki kesho," Nathaniel alisema. "Nipe mimi."

"Wewe hujui kucheza."

"Si umesema hesabu zimekwisha? Basi hapo mimi na wewe tuko sawa."

Vidole vya Odeta vilikuwa vimekufa ganzi, na bibi alikuwa mama yake Nathaniel mwenyewe. Alimwachia kishikio. Nathaniel alifumba macho, akabonyeza.

Tak. Tatu.

Odeta alimwonyesha kigae cha pili, cha mshazari, ambacho sasa kilikuwa cha hakika, naye akakifunua, na bao lote likang'aa kama sahani iliyooshwa. Chumbani godoro lililia. Kisha walisikia sauti kavu, ya kikongwe, ikiomba maji kwa Kisukuma. Odeta alikimbia. Ng'washi alikuwa amelala chali, ametazama dari, akipitisha vidole usoni kama mtu anayehakikisha uso ni wake. Odeta alimnywesha, akambusu mikono, akalia, akarudi mlangoni kumwita Nathaniel aje amwone mama yake.

Nathaniel alikuwa amekaa kwenye kiti.

Bao jipya lilikuwa limetokea, naye alikuwa anarusharusha ule mkono mweupe, huku na huku, bila kutazama namba za ukingoni. Alikuwa anatabasamu. Odeta alimwambia akiweke chini kishikio, mama anamwita. Alijibu kwa upole kwamba anakuja, amalize hili, ana mkono mzuri leo, si ameona mwenyewe. Odeta alijaribu kumnyang'anya, lakini vidole vya mumewe vilikuwa vimekaza kama vya maiti. Nyuma yao kochi lilikuwa kimya kabisa na mto wake umepanda. Saa ya ukutani ikagonga tisa, na kioo hakikuzima.

"Mstari huo una mabomu manne katika vitano," alimwambia sikioni, kwa utaratibu, kama anayesomea mkubwa wake ripoti. "Baba Nice. Manne katika vitano. Toka hapo."

Geti la uani liligonga. Odeta alisikia viatu vya shule juu ya mchanga, na sauti ya Nice ikimwamkia bibi kupitia dirisha, ikishangaa kwa furaha kumwona amelala chali. Mkono mweupe ukasimama juu ya mstari ule.

Begi lilianguka kwanza. Odeta alipofika uani, binti yake alikuwa amelala kifudifudi chini ya dirisha, mikono ubavuni, soksi nyeupe zimenyooka. Alimgeuza. Nice akarudi polepole, bila kutumia mikono. Alimgeuza tena, akamshikilia mabega kwa nguvu zake zote, akahisi ule mwili mdogo ukizunguka ndani ya mikono yake, na kutoka sebuleni akamsikia mumewe akisema, bila kupandisha sauti, kwamba wasimpigie kelele.